Jaji asiye na bwana: Ushahidi wa Kitale na Bungoma

WANASHERIA wanapozungumzia historia ya mahakama nchini Kenya, aghalabu hutaja Nairobi, yaliko makao ya Jaji Mkuu na mahakama za rufaa. Ni nadra kusikia Kitale na Bungoma zikitajwa. Hata hivyo, anayetaka kuelewa uhuru wa mahakama unapimwa kwa nini hana haja ya kwenda mbali na miji hiyo miwili ya magharibi. Zipo kesi zilizosikizwa huko, na nyingine ambazo hazikusikizwa, zinazoeleza jambo hili kuliko kitabu chochote cha sheria.

Utawala wa sheria maana yake ni kwamba sheria iko juu ya kila mtu, kuanzia mkulima wa mahindi wa Trans Nzoia hadi rais wa nchi. Maneno hayo ni mepesi kutamka. Ugumu huanza pale mmoja wa wanaogombana anapokuwa serikali yenyewe, kwa kuwa serikali ndiyo inayolipa mshahara wa jaji, inayomiliki jumba la mahakama na inayotuma askari wa kutekeleza amri. Hapo swali la uhuru wa mahakama hugeuka kuwa la mkate na la hofu: ni nani anayemteua jaji, anayemlipa na anayeweza kumfuta?

Mfano ulio wazi kabisa ni kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake watano, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng Oneko, iliyoanza mwishoni mwa mwaka 1952. Serikali ya kikoloni haikutaka kesi hiyo isikizwe Nairobi, ambako umati ungefurika. Ilichagua Kapenguria, umbali wa kilomita 40 hivi kaskazini mwa Kitale, eneo ambalo mtu hakuruhusiwa kuingia bila kibali. Kapenguria haikuwa na mahali pa kulaza wageni wa kesi kubwa namna hiyo. Kwa hivyo mawakili na waandishi wa habari walipanga Kitale na kusafiri kila siku kwenda na kurudi.

Aliyeteuliwa kusikiza kesi hiyo alikuwa Ransley Thacker, jaji mstaafu wa Mahakama Kuu ya koloni, aliyerejeshwa kazini kama hakimu. Wanahistoria waliopekua nyaraka za enzi hiyo wameeleza kuwa Gavana Evelyn Baring alimwidhinishia malipo ya pauni 20,000, fedha nyingi mno kwa wakati huo. Shahidi mkuu wa upande wa mashtaka, Rawson Macharia, naye aliahidiwa masomo nchini Uingereza. Hakimu na shahidi walikula sahani moja, na sahani yenyewe ilikuwa ya mshtaki.

Mnamo Aprili 8, 1953, Thacker aliwapata washtakiwa wote sita na hatia ya kuongoza Mau Mau na kuwahukumu kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu.

Yaliyofuata hayasimuliwi sana, ingawa kwa mwanafunzi wa sheria ndiyo yenye uzito zaidi. Kiongozi wa mawakili wa utetezi, Denis Pritt kutoka Uingereza, na wenzake walikata rufaa wakisema Thacker hakuwa na mamlaka ya kusikiza kesi mahali pale. Uteuzi wake ulihusu Mkoa wa Kaskazini, ilhali Kapenguria ilikuwa katika Mkoa wa Bonde la Ufa. Mahakama Kuu ya koloni ilikubaliana nao na kutengua hukumu. Kwa muda mfupi, sheria ilimshinda gavana. Lakini Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliupindua uamuzi huo mwaka huo huo wa 1953.

Kisha likaja suala la Oneko. Rufaa yake ilifaulu, akaondolewa hatia. Badala ya kwenda nyumbani, alizuiliwa kwa amri ya serikali na kubaki kizuizini kwa miaka mingine. Mahakama ilimwachilia huru, serikali ikamfungia. Tusisahau pia hatima ya Macharia: alipoapa mwaka 1958 kwamba ushahidi wake wa Kapenguria ulikuwa wa uongo, ni kiapo hicho kipya kilichomfikisha kortini na kumfunga jela.

Mtu angetarajia kuwa taifa ambalo rais wake wa kwanza alipitia mahakama ya aina hiyo lingejenga ukuta imara kati ya Ikulu na jaji. Haikuwa hivyo. Mwaka 1988 Bunge, ambalo wakati huo lilikuwa la chama kimoja cha KANU, lilibadilisha Katiba na kuwaondolea majaji kinga ya kutofutwa kazi ovyo. Mabadiliko hayo hayo yaliwaruhusu polisi kumzuilia mshukiwa wa kosa la adhabu ya kifo kwa siku 14 kabla ya kumfikisha mahakamani. Kinga ya majaji ilirudishwa mwaka 1990 baada ya malalamiko ya wanasheria, viongozi wa kidini na wafadhili. Zile siku 14 hazikuguswa, na tutaona maana yake punde.

Mwaka 2003, serikali mpya ya Mwai Kibaki iliingia na kile kilichoitwa upasuaji mkubwa wa Idara ya Mahakama. Ripoti ya Jaji Aaron Ringera iliwataja majaji 23 na mahakimu 82 kwa tuhuma za ufisadi na mwenendo mbaya. Wananchi wengi walishangilia, kwa sababu rushwa kortini ilikuwa jambo la kila siku. Lakini majina yalichapishwa magazetini kabla ya wahusika kujitetea, na kuna tofauti kati ya kuisafisha mahakama na kuitisha.

Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010, ilijaribu kujibu maswali yote matatu tuliyouliza. Kifungu cha 160 kinasema mahakama haitakuwa chini ya maelekezo ya mtu au mamlaka yoyote. Majaji hupendekezwa na Tume ya Huduma za Mahakama, hustaafu wakiwa na umri wa miaka 70, na hawaondolewi ila kwa uchunguzi wa jopo maalumu. Mshahara wa jaji hauwezi kupunguzwa kwa hasara yake.

Bungoma ilishuhudia mapema mfumo huo ukifanya kazi. Mnamo Septemba 30, 2013, Mahakama Kuu mjini humo ilibatilisha uchaguzi wa Seneta Moses Wetangula kwa makosa ya kukiuka sheria za uchaguzi, katika kesi iliyowasilishwa na mpinzani wake, Musikari Kombo. Wetangula alikuwa mmoja wa viongozi wenye sauti kubwa kitaifa, na jaji aliamua katika ngome yake mwenyewe. Uchaguzi mdogo uliofanyika Desemba 19, 2013, ulimrudisha Wetangula kwenye kiti. Wako waliosema kesi hiyo ilikuwa kazi bure. Mwandishi huyu haoni hivyo: jaji alitoa uamuzi wake, wapigakura wakatoa wao, na hakuna aliyemwingilia mwenzake.

Kitaifa, mtihani mkubwa ulikuja Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ilipobatilisha uchaguzi wa rais. Rais Uhuru Kenyatta alisema ataheshimu uamuzi, lakini siku hiyo hiyo aliwaita majaji hao wakora mbele ya wafuasi wake. Mwaka uliofuata bajeti ya Idara ya Mahakama ilikatwa, na Jaji Mkuu David Maraga akalalamika hadharani. Mwaka 2019 tume ilipendekeza majaji 41. Rais alikaa na orodha hiyo hadi Juni 2021, akateua 34 na kuwaacha sita, ambao waliapishwa Septemba 2022 chini ya Rais William Ruto. Hazina ya Mahakama, iliyotajwa katika Katiba tangu 2010, ilianza kazi mwaka 2022. Katiba haikumpa rais nafasi ya kuchagua kutoka orodha ya tume, lakini haikumwekea pia saa ya kumhimiza.

Hata hivyo, jaji aliye huru kabisa hana faida kwa mtu ambaye hafikishwi mbele yake. Hapo ndipo kisa cha Mlima Elgon, katika eneo ambalo leo ni sehemu ya Kaunti ya Bungoma, kinapohusika.

Mgogoro wa ugavi wa mashamba katika mradi wa makazi wa Chebyuk ulizaa kundi la wapiganaji la Sabaot Land Defence Force, SLDF, ambalo kuanzia mwaka 2006 liliua mamia ya watu, likakata wengine masikio na kutoza wanakijiji kodi. Hakuna anayeweza kulitetea. Machi 2008 serikali ilituma jeshi katika Operesheni Okoa Maisha. Wanaume kwa maelfu walikusanywa na wengi kupelekwa kambi ya kijeshi ya Kapkota kukaguliwa. Mashirika ya haki za kibinadamu yalirekodi madai ya mateso na mauaji, jeshi lilikanusha.

Baadhi ya walionusurika walifikishwa katika mahakama ya Bungoma na kufunguliwa mashtaka. Wengine hawakuonekana tena. Ripoti ya Human Rights Watch ya Oktoba 2011 ilieleza kuwa zaidi ya watu 300 walikuwa bado hawajulikani waliko, wakiwemo waliochukuliwa na SLDF na waliochukuliwa na maafisa wa usalama. Wakati wa operesheni, sheria ya siku 14 ilikuwa bado katika Katiba. Katiba ya sasa inataka mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, na haki ya jamaa kuomba mahakama iamuru aliyezuiliwa aletwe mbele yake ni miongoni mwa haki chache zisizoweza kuwekewa mipaka, hata kwa kisingizio cha usalama.

Shirika la Independent Medico-Legal Unit lilipeleka suala hilo Arusha, katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, mwaka 2010, likidai Kenya ilishindwa kuchunguza na kuwaadhibu wahusika. Juni 2011 kitengo cha kwanza cha mahakama hiyo kilikubali kuisikiza kesi. Serikali ilikata rufaa. Machi 2012 kitengo cha rufaa kiliamua kuwa malalamiko yaliwasilishwa baada ya muda wa miezi miwili uliowekwa na Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kesi ikafikia kikomo kabla ya ushahidi wa Kapkota kusikizwa.