Mmea unaochipua kwenye jani: Utambue, uupande, lakini uwaepushe mbuzi

Chukua jani moja la mmea huu, liweke juu ya meza bila udongo wala maji. Baada ya siku kadhaa, miche midogo yenye mizizi itaanza kuchipua kwenye kingo zake. Sifa hiyo huwafanya wengi waupende kama pambo la baraza. Ndiyo pia inayoufanya uwe kero ukitoroka chunguni na kuingia malishoni.

Kitaalamu huitwa Kalanchoe pinnata, na vitabu vingine huuita Bryophyllum pinnatum. Asili yake ni kisiwa cha Madagaska, ingawa sasa umeenea karibu nchi zote za joto. Ni wa jamii ya Crassulaceae, mimea inayohifadhi maji ndani ya majani manene.

Jinsi ya kuutambua

Shina lake husimama wima, lina uwazi ndani, na linaweza kufika urefu wa mita moja au zaidi. Majani ya chini huwa moja moja. Ya juu mara nyingi hugawanyika vijani vitatu hadi vitano. Kingo zake zina meno butu na mara nyingi mstari mwekundu au wa zambarau. Maua huning'inia kama kengele, rangi ya kijani kibichi iliyochanganyika na wekundu.

Usiuchanganye na ndugu zake. Kalanchoe daigremontiana ina majani ya pembetatu yaliyopangwa miche midogo kingoni. Kalanchoe delagoensis ina majani membamba kama penseli, na miche huota kwenye ncha. Zote mbili pia zimetoka Madagaska. Ile ya maua madogo mengi yanayotazama juu, inayouzwa sana kwenye vitalu, ni Kalanchoe blossfeldiana, nayo haizai miche kwenye majani.

Kuupanda

Tumia chungu au mkebe uliotobolewa chini. Changanya udongo na mchanga mwingi wa mto au kokoto ndogo ili maji yasituame. Laza jani juu ya udongo, usilifukie. Miche ikishika mizizi, itenganishe.

Uweke penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Mwagilia udongo ukikauka tu. Mmea huu hufunga vitundu vya majani mchana na kuvifungua usiku, hivyo haupotezi maji mengi. Mapema karne ya 19 huko India, Benjamin Heyne aligundua kuwa majani yake huwa machachu asubuhi na uchachu hupungua jioni, kwa sababu asidi iliyojikusanya usiku hutumika mchana. Wakati wa masika usogeze chini ya paa. Maji mengi huuozesha haraka kuliko ukame.

Hatari kwa mifugo

Mimea hii ina sumu inayodhuru moyo, na maua ndiyo yenye sumu nyingi zaidi. Nchini Australia mwaka 1997, ng'ombe 125 walikufa karibu na mji wa Moree baada ya kula mmea wa kundi hili. Hatari huwa kubwa wakati wa kiangazi, nyasi zikiisha na mnyama akila chochote cha kijani anachokipata.

Dalili ni kukosa hamu ya kula, kutokwa na mate, kuhara, kuishiwa nguvu na mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida. Mnyama pia anaweza kufa ghafla. Ukiziona, mtoe mnyama mahali hapo na umwite daktari wa mifugo mara moja.

Wapo wanaotumia majani haya kama dawa ya nyumbani. Wakumbuke kuwa sumu hiyo hiyo inaweza kumdhuru binadamu, hasa mwenye ugonjwa wa moyo. Muulize daktari kwanza.

Kuuondoa

Usitupe matawi uliyoyakata kando ya barabara, kwenye jaa wala kwenye mbolea ya majani. Kila jani ni mbegu. Kata maua kabla hayajakomaa, ng'oa mmea pamoja na mizizi, okota majani yote yaliyoanguka, yaanike juu ya bati hadi yakauke kabisa, kisha uyachome ndani ya shimo. Rudi ukague mahali hapo mvua ikinyesha.

Mwenye mbuzi wanaozurura uani, chungu chake kikae juu ukutani, si chini mlangoni.