Nyuzi za Ugeni na Ubeti wa Kiswahili katika Taarabu ya Pwani

Ala zenye nyuzi zinazosikika katika taarabu ya pwani ya Afrika ya Mashariki hazikutoka pahali pamoja. Udi na ganuni zilitoka katika nchi za Waarabu. Fidla ni ya Ulaya, ingawa Wamisri walikuwa wamekwisha kuifanya yao. Taishokoto ilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912. Gambusi, liitwalo pia kibangala, lina nasaba na ala ya Yemeni ambayo Wahadhrami waliieneza hadi nchi za Wamalay. Kwa sababu hiyo wapo waliouhesabu muziki huu kuwa ni wa kuazima tu. Hoja hiyo hutazama mbao na nyuzi, ikaacha kuuliza ni kitu gani kilichoziwezesha ala hizo kukaa pamoja.

Masimulizi ya Unguja husema kwamba Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri akajifunze ganuni. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho nyimbo zake za mwanzo zilikuwa za Kiarabu. Siti binti Saad, aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928, ndiye aliyekifikisha Kiswahili cha taarabu kwa wasikilizaji wengi wa pwani na bara. Hivyo ala zilitangulia, na lugha ikazifuata na kuzimiliki.

Kuziunganisha hakukuwa jambo jepesi. Shingo ya udi na ya fidla haina vigawanyo. Kidole cha mpigaji huweza kutua popote. Ganuni nayo ina vijilimi vya chuma vya kupandisha na kushusha sauti ya kila uzi. Kwa hiyo ala hizi tatu huweza kukubaliana juu ya zile sauti za maqamu ya Kiarabu ambazo si nzima wala si nusu. Taishokoto haiwezi, kwa kuwa vibonyezo vyake huukata uzi pale pale siku zote. Mjini Mombasa ikapata makao katika nyimbo ambazo lahani zake zilielekea Bara Hindi, kwani filamu za huko zilipendwa sana. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alisifika kwa lahani za Kihindi. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka 2016, alisifika kwa udi. Njia zao za muziki zilitofautiana, lakini wote wawili waliimba mashairi ya Kiswahili.

Ubeti ndio uliokuwa kiungo. Aghalabu wimbo wa taarabu una mishororo mitatu katika kila ubeti, na kila mshororo una mizani 16, iliyogawanyika nane kwa nane, pamoja na vina vya kati na vya mwisho. Mwimbaji afikapo kwenye kina, nyuzi humpokea. Kisha humwachia nafasi aendelee. Ala yoyote iwezayo kungojea kina na kukijibu ina nafasi yake, iwe imetoka Kairo au Nagoya.

Lugha yenyewe yathibitisha jambo hili. Majina ya ala yalibaki na asili zake: udi na ganuni ya Kiarabu, fidla ya Kiingereza, taishokoto ya Kijapani. Lakini kitenzi ni kimoja. Fidla huvutwa kwa upinde, udi hudonolewa, taishokoto hubonyezwa; Mswahili husema *kupiga* kwa zote, kama asemavyo kwa zeze, ala ya wenyeji.

Tangu miaka ya 1990 kinanda cha umeme kimeshika nafasi ya nyuzi katika vikundi vingi, nacho huiga sauti za ala nyingi peke yake. Udi na ganuni zimeendelea kufundishwa Unguja, lakini hasara nyingine imo katika vitabu. Diwani zilizochapwa huhifadhi maneno ya mshairi na kuacha majibu ya nyuzi, ilhali ubeti wa taarabu ulitungwa ujibiwe. Mhakiki asomaye maneno peke yake huzipata mizani na vina; zile nafasi zilizoachwa kwa makusudi baina ya mishororo humpita. Uhakiki wa ushairi wa pwani hauna budi kuzisikiliza santuri pamoja na kuzisoma diwani, maadamu wapo bado wapigaji wanaokumbuka ni uzi gani uliojibu kina gani.