Vyuma, Saa na Tepu: Historia ya Mazoezi ya Nguvu na Upimaji wa Wachezaji wa Futiboli ya Kimarekani

Mtafiti anayeitazama futiboli ya Kimarekani, yaani ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai unaochezwa zaidi kwa mikono na mabega, hukutana na taasisi mbili ambazo kwa kawaida hujadiliwa mbalimbali. Ya kwanza ni chumba cha vyuma, ambacho hakikosekani katika chuo chochote chenye timu ya maana. Ya pili ni majaribio yanayofanyika kila mwaka mjini Indianapolis, ambako vijana zaidi ya 300 hupimwa urefu, uzito, mbio, mruko na nguvu mbele ya wawakilishi wa timu 32 za kulipwa. Insha hii inashikilia kwamba taasisi hizo mbili zina historia moja. Mazoezi ya nguvu yasingekubalika katika mchezo huo bila vipimo. Na vipimo hivyohivyo vilivyoyafungulia mlango ndivyo vilivyokuja kuwa mizani ya soko la wachezaji.

Hadi katikati ya karne ya 20, makocha wengi wa Marekani waliviogopa vyuma. Waliamini kwamba mnyanyuaji hujijengea misuli iliyokaza, akawa mzito wa kugeuka na mvivu wa mbio, kama mlango ulioota kutu kwenye bawaba. Imani hiyo haikuwa ya wajinga tu. Madaktari na walimu wa elimu ya viungo waliieneza vyuoni. Iliyumba kwanza hospitalini. Mwaka 1945 daktari wa jeshi, Thomas DeLorme, alichapisha matokeo ya kuwatibu askari waliojeruhiwa miguu kwa kuwanyanyulisha uzito ulioongezwa hatua kwa hatua. Askari hao walipona upesi kuliko ilivyotarajiwa. Kisha mwaka 1951 William Zorbas na Peter Karpovich wa Chuo cha Springfield walipima kasi ya kuzungusha mkono kwa wanaume 600, nusu yao wanyanyuaji na nusu wasionyanyua. Wanyanyuaji walikuwa wepesi zaidi. Jambo la kuzingatia ni kwamba Karpovich mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliovitilia shaka vyuma, na kilichombadilisha ni namba.

Hata hivyo, makala za kitaalamu hazisomwi sana uwanjani. Aliyevipeleka vyuma uwanjani alikuwa Alvin Roy wa Baton Rouge, Louisiana, aliyejifunza kazi hiyo kwa kukaa karibu na timu ya taifa ya wanyanyua vyuma. Katika miaka ya 1950 aliifundisha shule ya sekondari ya Istrouma, kisha Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, ambacho kilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1958. Mwaka 1963 kocha Sid Gillman alimwajiri katika timu ya San Diego Chargers, na hivyo Roy akawa kocha wa nguvu katika futiboli ya kulipwa wakati ambapo kazi hiyo ilikuwa haijapata hata jina. Mwisho wa msimu Chargers waliifunga Boston 51 kwa 10 katika fainali ya ligi yao.

Lakini kambini, pamoja na vyuma, kulikuwa na vidonge vya rangi ya waridi. Roy alikuwa amejifunza kutoka kwa wanyanyua vyuma matumizi ya Dianabol, dawa ya kujenga misuli iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1958, na wachezaji walipewa vidonge hivyo mezani pamoja na chakula, hadi baadhi yao walipoonywa na daktari kuhusu madhara yake. Wanahistoria wengine hukitaja kisa hiki kama doa la pembeni. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kisa hiki kiko katikati ya hadithi. Nguvu ilipoanza kuhesabiwa kwa uzito wa chuma, njia yoyote iliyoongeza hesabu ilipata wateja. Ligi ya taifa, NFL, ilianza kupima steroidi mwaka 1987 na kuwafungia watumiaji mwaka 1989, zaidi ya robo karne baada ya meza ile ya chakula.

Mtu aliyeyafunga kabisa mazoezi ya nguvu na vipimo alikuwa Boyd Epley. Hakuwa mchezaji wa futiboli. Alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nebraska, mrukaji wa upondo aliyeumia mgongo, na mwaka 1969 alikuwa akinyanyua vyuma peke yake ili kujitibu. Wachezaji wa futiboli waliokuwa majeruhi walianza kumwiga, wakarudi uwanjani wakiwa na nguvu kuliko walivyoondoka. Tom Osborne, aliyekuwa kocha msaidizi, aliliona hilo, akamshawishi kocha mkuu Bob Devaney, ambaye timu yake ilikuwa imemaliza misimu miwili mfululizo kwa ushindi mara 6 na vipigo 4. Devaney alikubali kwa shingo upande na akaweka sharti: mchezaji hata mmoja akipungua mbio, Epley atafukuzwa kazi.

Sharti hilo linastahili kutazamwa kwa makini kuliko ubingwa wa taifa ambao Nebraska iliutwaa mwaka 1970 na 1971. Kijana aliyetishiwa kufukuzwa iwapo mtu atapungua mbio hana budi kujua mbio za kila mtu kabla ya kuanza. Kwa hiyo Epley alipima. Alipima mbio fupi, mruko wa wima na wepesi wa kugeuka, akayaandika, akapima tena baada ya mazoezi. Baadaye rekodi zilibandikwa ukutani ili kila aingiaye azione, na wachezaji wakaanza kushindana na ubao kama walivyoshindana na wapinzani. Vipimo vilikuwa ngao ya mwajiriwa mdogo dhidi ya kocha mkubwa. Mwaka 1978, Epley alipowaita wenzake Lincoln kuanzisha chama cha makocha wa nguvu, walifika 76. Taaluma ilikuwa imezaliwa, na cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa karatasi ya vipimo.

Vipimo vyenyewe havikubuniwa Nebraska. Mruko wa wima ulipendekezwa na Dudley Sargent wa Harvard mwaka 1921 kama kipimo cha jumla cha mwili wa binadamu. Mbio za yadi 40, sawa na mita 36.6, kwa kawaida huhusishwa na kocha Paul Brown wa Cleveland, na inasemekana aliuchagua umbali huo kwa kuwa ndio mchezaji aliopaswa kuukimbia kuuwahi mpira uliopigwa mbali kwa mguu. Kipimo hiki kilikuwa na sababu ya kimchezo, ingawa sababu hiyo iliwahusu wachezaji wachache kwa nyakati chache. Leo hukimbiwa na kila mtu, hata walinzi wa mstari wa mbele wenye kilo 140, ambao katika mchezo halisi ni nadra sana kukimbia yadi 40 kwa mstari ulionyooka.

Wakati makocha wa vyuo wakipima ili kufundisha, wamiliki wa timu walianza kupima ili kununua. Katika miaka ya 1960 timu ya Dallas Cowboys, chini ya Tex Schramm, ilimtumia Salam Qureishi, mtaalamu wa takwimu kutoka India, kutengeneza programu ya kompyuta ya kuwapanga wachezaji wa vyuo kwa alama. Qureishi alikuwa mgeni katika futiboli, na labda ndiyo sababu aliwauliza maskauti swali ambalo wenyeji hawakuwahi kujiuliza: maneno yenu haya, kama vile wepesi, ushindani, nguvu, yana maana gani hasa, na mnayapima vipi? Kompyuta haitambui sifa; inatambua namba. Kila timu iliyotaka kushindana na Dallas ilihitaji namba zake, nazo zilikuwa ghali, kwa kuwa kila timu ilimwita mchezaji yuleyule na kumpima upya.

Gharama hizo ndizo zilizozaa majaribio ya pamoja. Mwaka 1982 kampuni mojawapo ya maskauti iliwakusanya wachezaji 163 huko Tampa, Florida, hasa kwa ajili ya uchunguzi wa kitabibu: timu zilitaka kujua magoti na mabega ya mtu kabla ya kumlipa. Mwaka 1985 timu zote ziliunganisha majaribio yao, na tangu 1987 yanafanyika Indianapolis. Mbio na miruko, ambayo mwanzoni ilikuwa nyongeza ya kazi ya daktari, ndiyo iliyokuja kuwa kivutio, hususani baada ya televisheni ya ligi kuanza kuyaonyesha mwaka 2004.

Hapa inafaa kuvichambua vipimo vyenyewe, kwa kuwa vinasema zaidi kuhusu wapimaji kuliko kuhusu wapimwaji. Katika kipimo cha nguvu, mchezaji hulala chali kwenye benchi na kusukuma chuma cha ratili 225, sawa na kilo 102, mara nyingi awezavyo. Uzito ni huohuo kwa wote. Kwa mtu mwembamba hicho ni kipimo cha nguvu. Kwa jitu la mstari wa mbele anayekisukuma mara 30 ni kipimo cha ustahimilivu. Tena, mikono mirefu, ambayo skauti huipima kwa tepu asubuhi na kuisifu kwa kuwa humzuia mpinzani asikaribie, jioni humwadhibu mwenye nayo, kwa sababu chuma husafiri njia ndefu zaidi. Mwaka 1999 Justin Ernest alisukuma mara 51, idadi ambayo haijawahi kufikiwa tena Indianapolis, na hakuna timu iliyomteua. Mbio nazo zina kasoro yake: saa huanzishwa kwa mkono mchezaji anapotikisika na kusimamishwa kwa mwanga wa kielektroniki mwishoni. Rekodi ya sekunde 4.21 ya Xavier Worthy mwaka 2024, kwa hiyo, haiwezi kulinganishwa moja kwa moja na muda wa mkimbiaji wa riadha anayesubiri mlio wa bastola.

Kilichofuata kingeweza kutabirika. Mwaka 1995 Mike Mamula wa Boston College alifika Indianapolis baada ya kufanya mazoezi ya mitihani yenyewe, akafaulu vizuri mno, na Philadelphia Eagles wakapanda kutoka nafasi ya 12 hadi ya 7 ili wamchukue. Nafasi ya 12 waliyoiacha Tampa Bay waliitumia kumchukua Warren Sapp, ambaye leo yumo katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo. Mamula amegeuzwa mfano wa kudhihakiwa, jambo ambalo si haki: alicheza kwa miaka kadhaa, na alichokifanya ni kusoma mtihani kama ulivyotungwa. Tangu hapo mawakala hulipia wateja wao wiki kadhaa za kufundishwa namna ya kuondoka mstarini na namna ya kushika chuma. Miaka 5 baadaye Tom Brady alizikimbia yadi 40 kwa sekunde 5.28, akateuliwa wa 199, kisha akatwaa ubingwa mara 7.

Indianapolis yenyewe ina mfano unaotugusa Waafrika Mashariki. Mwaka 2013 timu ya mji huo, Colts, ilimsajili Daniel Adongo, Mkenya aliyekuwa akicheza raga ya kulipwa Afrika Kusini na New Zealand, na ambaye hakuwahi kucheza futiboli ya Kimarekani katika ngazi yoyote. Kilichonunuliwa ni mwili na mbio. Kuthubutu huko kunastahili heshima, na Adongo aliingia uwanjani mwaka huohuo. Lakini mechi zake zilikuwa chache, kwa kuwa kuusoma mchezo ambao wenzake waliujua tangu utotoni hakumo katika orodha ya vipimo.

Kuanzia mwaka 2014 ligi ilianza kuweka vifaa vidogo vya redio ndani ya kinga za mabega, na kasi ya mchezaji ikapimika akiwa mchezoni, amevaa nguo zake zote na anafukuzwa. Mwaka 2017 chama cha wachezaji kilifikia makubaliano na kampuni ya WHOOP, inayotengeneza bangili za kupima mapigo ya moyo na usingizi, kwamba takwimu hizo ni mali ya mchezaji na anaweza hata kuziuza akitaka. Kijana anayekwenda Indianapolis hana makubaliano ya namna hiyo. Hajateuliwa bado, na kwa hiyo hayumo katika mkataba wa pamoja wa wachezaji na ligi. Magoti yake yanachunguzwa na madaktari wa timu 32, picha za mifupa yake zinasomwa na waajiri wote kwa pamoja, na anarudi nyumbani kusubiri mwezi Aprili.