Mgeni, Jembe na Kijiji: Historia ya Waliojitolea kutoka Nje katika Nchi ya Ruvuma na Ziwa Nyasa

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi wetu tumezoea kuutumia usemi huu kumkaripia mvivu. Lakini ndani yake mna fundisho kubwa zaidi juu ya uhusiano wa mwenyeji na mgeni. Mgeni anayepewa jembe hapewi shamba, wala hakabidhiwi ufunguo wa ghala. Anapewa nafasi ya kufanya kazi pamoja na wenyeji, juu ya ardhi ambayo ni yao, kwa mpango waliouamua wao. Undugu huzaliwa katika kazi hiyo.

Mkoa wa Ruvuma una historia ndefu ya watu waliotoka nchi za mbali kwa hiari yao, wakaishi na wakulima na wavuvi wetu. Kada wa Chama anapaswa kuijua historia hiyo, kwa sababu inajibu swali linalomhusu yeye mwenyewe kila siku: mtu atokaye nje ya kijiji anaweza kukisaidia kijiji kwa njia gani bila ya kukinyang'anya uwezo wa kujiamulia?

Misheni ya ufukweni

Wa kwanza kuja walikuwa wamisionari. Katika ufuko wa Nyasa jina linalokumbukwa zaidi ni la William Percival Johnson, wa misheni ya Kianglikana ya UMCA. Alifika Afrika mwaka 1876, akafanya kazi kando ya ziwa kwa zaidi ya miaka arobaini, na akafia Liuli mwaka 1928. Alijifunza lugha za watu, akatembea kijiji hadi kijiji, na akaitafsiri Biblia katika Chinyanja. Watu wa ziwa walimpenda, na kaburi lake liko Liuli.

Uchambuzi wa haki haukatai wema wa mtu kwa sababu ya ubaya wa mfumo, wala hausamehe mfumo kwa sababu ya wema wa mtu. Johnson aliishi na watu. Hata hivyo shule, hospitali na meli vilikuwa mali ya misheni, na maamuzi makubwa yalitoka kwa maaskofu na Uingereza. Juu ya yote hayo ilikaa serikali ya kikoloni, kwanza ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza. Mwananchi alipata huduma, lakini hakupata madaraka juu ya huduma hiyo. Mapenzi peke yake hayabadili uhusiano wa nguvu.

Litowa

Hatua mpya ilianza wakati wa Uhuru. Wakati huo Mbinga na ufuko wake bado vilikuwa sehemu ya Wilaya ya Songea, na mambo yaliyotokea Litowa yaliihusu nchi yote hiyo. Mwaka 1960 kikundi cha vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, kilikwenda Litowa kufyeka msitu na kuanza kilimo cha pamoja. Mwanzo ulikuwa mgumu, lakini hawakukata tamaa. Kutokana na juhudi hizo kilizaliwa Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichojulikana kwa herufi RDA, ambacho kufikia mwaka 1969 kilikuwa na vijiji 17.

Mwaka 1963 Mwingereza Ralph Ibbott, mtaalamu wa kukadiria gharama za majengo, alihamia Litowa pamoja na mkewe Noreen na watoto wao. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi St Faith's katika Rhodesia ya Kusini, katika shamba la ushirika ambapo Waafrika na Wazungu walifanya kazi pamoja kinyume cha desturi ya walowezi. Huko Litowa alikuwa mshauri. Jambo la msingi ni kwamba mkutano wa wanakijiji ndio uliokuwa na kauli ya mwisho. Wanakijiji ndio waliopanga ekari za kulima, zamu za kazi na mgawanyo wa mapato.

Matunda yake yalionekana. Shule ya Litowa, chini ya mwalimu mkuu Suleman Toroka, iliunganisha masomo na kazi za kijiji, na watoto walishiriki katika kuiendesha shule yao, kabla ya Elimu ya Kujitegemea kutangazwa Machi 1967. RDA ilipata kinu cha kusaga nafaka mjini Songea na mashine ya kupasua mbao. Jarida la Mbioni la Chuo cha Kivukoni lilichapisha uchambuzi juu ya RDA mwaka 1966. Mwalimu Nyerere alivifahamu vijiji hivi na kuviunga mkono, na uzoefu wao ulichangia fikra za Ujamaa Vijijini, waraka uliotolewa Septemba 1967.

Uamuzi wa mwaka 1969

Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliivunja RDA. Iliamuliwa kwamba kazi ya kuendeleza vijiji vya Ujamaa iwe ya Chama chenyewe. Mali ya RDA ilichukuliwa, walimu wa Litowa wakahamishwa, na wageni wakaondoka nchini.

Hoja ya kutaka Chama kiongoze haikuwa ya bure. Nchi changa iliyozungukwa na Wareno na walowezi ilikuwa na sababu ya kuwa macho na watu wa nje. Lakini historia lazima isemwe yote. Ugomvi mkubwa ulikuwa kati ya vijiji na viongozi wa mkoa, ambao walizoea kuagiza na sasa walikutana na wakulima waliozoea kuuliza. Kijiji kilichojiamulia mambo kilionekana kana kwamba kimeasi. Mgeni aliondolewa, lakini pamoja naye kiliondolewa chombo cha wenyeji wenyewe. Miaka minne baadaye, Novemba 1973, kuishi vijijini kulitangazwa kuwa ni amri. Mamilioni wakahamishwa, na mahali pengi mkutano wa kijiji ulifika umekuta mambo yameshaamuliwa.

Hata hivyo si kila kitu kilikufa. Matetereka, kijiji kimoja cha RDA kilichokuwa upande wa Njombe, kiliendelea na kazi ya pamoja kwa miaka mingi baada ya chama chao kuvunjwa na washauri kuondoka. Kilichowabakiza pamoja kilikuwa mazoea yao wenyewe ya kukutana, kupanga na kugawana.

Wanafunzi wa ngoro

Robo karne baadaye walikuja wageni wa namna nyingine katika milima ya Mbinga. Kuanzia mwaka 1994 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wa Kyoto, Japani, kwa msaada wa JICA, walikwenda kujifunza kilimo cha Wamatengo. Hapo mgeni alianza kama mwanafunzi. Alijifunza ngoro: jinsi nyasi zinavyofyekwa na kupangwa kwa mistari inayokatana, kisha udongo ukachimbwa katikati na kutupwa juu ya nyasi hizo, mpaka mteremko mzima ukawa mashimo yaliyozungukwa na matuta. Maji ya mvua hutuama shimoni badala ya kubeba udongo, na nyasi huoza zikawa mbolea ya maharage na mahindi. Ulikuwa utaalamu wa wakulima wenyewe, uliodumu kwa vizazi.

Wakati huo Mbinga ilikuwa taabani. Baada ya biashara ya kahawa kufunguliwa kwa wanunuzi binafsi, Chama Kikuu cha Ushirika cha MBICU kilianguka katika miaka ya 1990, na mkulima akapoteza mahali pa kupata pembejeo kwa mkopo. Mradi uliofuata, wa mwaka 1999 hadi 2004, ulifanya kazi katika vijiji vya Kindimba na Kitanda. Kindimba ilijenga mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa nguvu za maji, na wanakijiji wakatoa jasho lao. Kwa kuisimamia waliunda kamati, wakaipa jina la Sengu, yaani desturi ya Wamatengo ya kula pamoja na kushauriana. Kutokana na kazi hiyo vikundi viligeukia pia mabwawa ya samaki na upandaji miti.

Nguvu za maji zinatukumbusha mlima mwingine wa kahawa, Nikaragua. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1979, maelfu ya wajitolea walikwenda huko, wengi wao kuchuma kahawa wakati vita vilipowapunguza wavunaji. Mmoja alikuwa Mmarekani Benjamin Linder, mhandisi kijana, aliyesaidia kujenga mtambo mdogo wa umeme wa maji katika kijiji cha El Cuá. Tarehe 28 Aprili 1987, akipima mto karibu na San José de Bocay kwa ajili ya mtambo mwingine, aliuawa na Contra, jeshi lililogharimiwa na serikali ya nchi yake mwenyewe. Waliuawa pamoja naye Wanikaragua wawili, Sergio Hernández na Pablo Rosales. Hatari ya wenyeji ilikuwa imekuwa hatari yake.

Mafunzo kwa kada

Kwanza, mgeni hupimwa kwa swali moja: nani anaamua? Fedha, utaalamu na hata mapenzi havitoshi kulijibu.

Pili, mgeni wa kweli hujifunza kabla ya kufundisha. Asiyeijua ngoro hana la kumwambia Mmatengo juu ya udongo.

Tatu, kazi ya kujitolea hupimwa siku mgeni anapoondoka. Yaliyosimama kwa miguu ya wenyeji, kama yale ya Matetereka, hubaki.

Nne, na hili ndilo zito zaidi, kada naye ni mgeni. Anapotumwa Mbamba Bay au Litembo, akiwa na kadi ya Chama na barua ya uteuzi, wavuvi na wakulima wa huko humpokea kama walivyowapokea wengine kabla yake. Barua haimpi undugu. Akifika na maamuzi yaliyokwisha kuandikwa, atarudia kosa la waliodhani mkutano wa kijiji ni hatari kwa Chama. Kada aliyeisoma historia ya Litowa hukaa kwanza katika mkutano huo, akasikiliza, kisha akauliza jembe liko wapi.