Metali na asidi: Kwa nini zinki humenyuka na shaba hukataa

MWANAFUNZI wa kemia katika shule ya sekondari, awe Kisii au Nyamira, hukutana mapema na kanuni moja fupi: metali ikikutana na asidi, hupatikana chumvi na gesi ya hidrojeni. Kanuni hiyo ni ya kweli, na wengi huikariri neno kwa neno. Hata hivyo, haihusu kila metali wala kila asidi. Aliyeikariri bila kuijua sababu yake hukwama pindi anapoulizwa kuhusu shaba, risasi au asidi ya nitriki.

Sababu yenyewe si ngumu, na mifano yake imejaa katika maeneo hayo mawili, kuanzia mabati ya nyumba hadi udongo wa mashamba.

Kinachotendeka

Asidi iliyozimuliwa kwa maji huwa na ioni za hidrojeni, yaani chembe za hidrojeni zilizopoteza elektroni. Metali nayo ina tabia ya kutoa elektroni. Punje za zinki zikitiwa katika asidi ya hidrokloriki, atomu za zinki hutoa elektroni na ioni za hidrojeni huzipokea. Zinki hugeuka kuwa ioni na kuingia katika kimiminiko, nazo atomu za hidrojeni huungana mbili mbili na kupanda juu zikiwa viputo vya gesi. Mlinganyo wake ni huu:

Zn + 2HCl → ZnCl₂ + H₂

Asidi ikiwa ni ya salfuriki, chumvi inayopatikana ni salfeti ya zinki:

Zn + H₂SO₄ → ZnSO₄ + H₂

Ili kuitambua gesi hiyo, kijiti kinachowaka husogezwa kwenye mdomo wa neli ya kioo. Hidrojeni huwaka kwa mlio mfupi wa "pop". Mwanasayansi Mwingereza Henry Cavendish ndiye aliyeichunguza kwa makini gesi hii inayotokana na metali na asidi, na akachapisha matokeo yake mwaka wa 1766.

Ngazi ya metali

Metali hazilingani kwa wepesi wa kutoa elektroni. Zikipangwa kuanzia iliyo nyepesi zaidi kumenyuka, orodha huwa hivi: potasiamu, sodiamu, kalisiamu, magnesiamu, alumini, zinki, chuma, risasi, shaba, fedha na dhahabu. Hidrojeni, ingawa si metali, huwekwa kati ya risasi na shaba ili iwe mpaka.

Metali iliyo juu ya hidrojeni inaweza kuipa elektroni, hivyo huitoa katika asidi. Iliyo chini haiwezi. Potasiamu na sodiamu humenyuka kwa mlipuko, na kamwe hazitiwi katika asidi shuleni. Utepe wa magnesiamu hutoa viputo kwa kasi na neli hupata joto. Zinki huenda kwa mwendo wa wastani. Chuma huenda polepole na kuacha kimiminiko chenye rangi ya kijani hafifu. Shaba hukaa katika asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa bila kutoa kiputo hata kimoja. Dhahabu, iliyo mwisho wa ngazi, ni mvivu kiasi kwamba huokotwa ardhini ikiwa metali tupu, kama wachimbaji wa Migori, jirani wa Kisii, wanavyojua.

Metali mbili huwachanganya wanafunzi. Ya kwanza ni risasi. Ingawa iko juu ya hidrojeni, chumvi zake, yaani kloridi na salfeti, haziyeyuki vyema katika maji baridi. Chumvi hiyo huifunika metali kama ganda, asidi ikashindwa kuifikia, na mmenyuko ukakoma. Ya pili ni alumini. Juu yake huwa na utando mwembamba wa oksidi unaoikinga, kwa hiyo mwanzoni huonekana kana kwamba haifanyi lolote. Asidi ikishautafuna utando huo, viputo hutoka kwa nguvu. Utando huo ndio unaoiwezesha sufuria ya alumini kudumu jikoni. Vyakula vichachu vikilazwa ndani yake, asidi yake huushambulia, na ndiyo maana si vyema kuhifadhi humo uji uliochachuka au maji ya ndimu.

Mabati na mafundi

Nyanda za juu za Kisii na Nyamira hupata mvua nyingi, zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka katika sehemu kubwa. Maji ya mvua, hata pasipo uchafuzi wowote, huwa na asidi kidogo kwa kuwa huyeyusha kaboni dioksidi ya hewani. Kipimo chake cha pH hukaribia 5.6. Chuma kitupu kisingedumu chini ya mvua hiyo. Kwa hiyo bati la kuezekea hupakwa zinki, ambayo ikishirikiana na hewa na maji huota ngozi ngumu ya kijivu inayoikinga.

Hata bati likikwaruzwa na chuma kuonekana, zinki iliyo kando huendelea kukikinga. Iko juu ya chuma katika ngazi, hivyo hutangulia kutoa elektroni na kuliwa badala yake. Kutu huenea zinki hiyo inapokwisha.

Mafundi wa bati nao wana desturi ya zamani inayoonyesha kanuni hii. Hutia vipande vya zinki katika asidi ya hidrokloriki hadi viputo vikome. Kimiminiko kinachobaki ni kloridi ya zinki, nacho hupakwa mahali pa kulehemu ili kusafisha bati kabla ya kuyeyushia risasi.

Asidi zisizofuata kanuni

Asidi ya nitriki ni ya namna yake. Ndani yake, ioni za nitreti ndizo zinazopokea elektroni badala ya ioni za hidrojeni. Kwa sababu hiyo humenyuka hata na shaba, lakini haitoi hidrojeni. Nitriki nzito ikikutana na shaba hutoa gesi ya kahawia yenye sumu, nitrojeni dioksidi, pamoja na maji na nitreti ya shaba:

Cu + 4HNO₃ → Cu(NO₃)₂ + 2NO₂ + 2H₂O

Asidi nzito ya salfuriki nayo, ikipashwa moto pamoja na shaba, hutoa salfa dioksidi. Anayejibu kwamba gesi iliyopatikana ni hidrojeni katika mifano hii miwili hupoteza alama.

Asidi ya udongo

Mvua inayoteremka mabatini huingia pia ardhini. Kwa miaka mingi huosha ioni za kalisiamu na magnesiamu kutoka katika udongo, na nafasi zake huchukuliwa na ioni za hidrojeni. Mbolea zenye amonia, kama vile DAP, zikitumiwa msimu baada ya msimu huongeza asidi hiyo. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5, alumini iliyofungwa katika madini ya udongo huanza kuyeyuka na kudumaza mizizi ya mahindi na maharagwe.

Hapa mwanafunzi atofautishe mambo mawili. Alumini ya udongoni si metali tupu bali ni ioni ndani ya madini, hivyo asidi huiyeyusha bila kutoa hidrojeni. Majani chai, yanayolishwa viwanda kama Kebirigo, Sanganyi na Kiamokama, huustahimili udongo huo na hata kuupenda. Mahindi hayawezi.

Dawa ya shamba la mahindi ni chokaa ya kilimo, ambayo ni kabonati ya kalisiamu. Kabonati ikikutana na asidi hutoa chumvi, maji na kaboni dioksidi, gesi inayozima kijiti kinachowaka badala ya kulia "pop". Kiasi kinachofaa hutegemea upimaji wa udongo. Kwa familia inayotegemea robo ekari, kuujua udongo kabla ya kununua mbolea ni suala la chakula.

Jaribio na tahadhari

Palipo na uhaba wa vifaa, kanuni hii yaweza kuonekana kwa siki, glasi tatu na muda wa saa chache. Msumari wa mabati wenye zinki hutiwa katika glasi ya kwanza, msumari wa kawaida katika ya pili, na waya safi wa shaba katika ya tatu. Viputo hutokea kwanza juu ya zinki, kisha kwa uchache juu ya chuma, na juu ya shaba havitokei. Siki hiyo humwagwa baadaye, hainywewi wala kutiwa katika chakula.

Asidi ya betri ya gari isitumiwe kwa majaribio ya nyumbani, kwani ni asidi ya salfuriki yenye uwezo wa kuunguza ngozi na kupofusha macho. Maabarani, asidi hutiwa katika maji polepole, kamwe si maji katika asidi, kwa sababu joto linalozuka huweza kuirusha usoni. Moto wa kupimia hidrojeni huwekwa mbali na chombo kinachoitengeneza, na gesi hupimwa kwa kiasi kidogo katika neli ya pembeni.

Karatasi ya tatu ya Kemia katika mtihani wa KCSE ni ya majaribio ya maabara. Kabla ya kuandika mlinganyo, mtahiniwa hana budi kujiuliza maswali mawili: metali hii iko wapi katika ngazi, na asidi hii ni ipi?