Usimwandikie mwanafunzi, umfundishe kuuliza

Wengi wetu tukiisha kupata diploma tunangojea kazi, na wakati wa kungojea tunafundisha watoto wa watu jioni: historia, dizertasyo, kutayarisha egzameni ya Leta. Mimi pia nilifanya hiyo kazi hapa Lubumbashi. Siku moja finalisti mmoja akaniambia: «Yaya, uniandikie tu, papa atakulipa.» Sitawaficha, nyumbani franka ilihitajika. Nilikaribia kukubali.

Kwanza nikamuuliza: mgomo wa 1941 unaujua? Akajibu kama kaseti: «Tarehe 9 Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière walipigwa risasi katika uwanja wa mpira, Elisabethville.» Ni kweli. Basi kwa nini waligoma? Akanyamaza. Tarehe alikuwa nayo, swali hakuwa nalo. Na mtu asiye na swali ataandika nini? Atakopia tu.

Tukaanza upya na hilo swali moja. Tukatafuta sababu: vita vilidai shaba nyingi zaidi, kwa hiyo kazi ikawa ngumu, bei za vitu zikapanda, lakini mshahara ukabaki mdogo. Nikamwambia aandike sentensi moja kwa kila sababu, kisha aziunganishe mwenyewe kwa «kwa hiyo», «lakini», «kwa sababu». Hapo njo alishikwa, maana kuunganisha kunadai ufikiri. Maneno hayo madogo njo dizertasyo yenyewe. Ilimchukua jioni tatu kumaliza ukurasa mmoja. Ulijaa makosa, lakini ulikuwa wake.

Papa yake hakufurahi. Alisema alilipia pointi, hakulipia maswali. Mwezi ule nililipwa nusu.

Lakini mukumbuke, wandugu, mji wetu una mfano. Mwaka 1965 André Yav alitunga historia ya Elisabethville kwa ajili ya chama cha watu waliofanya kazi ya uboyi kwa wazungu. Inaitwa *Vocabulaire de ville de Elisabethville*. Kiswahili chake ni cha huku kwetu Katanga, namna watu wanavyosema, na profesa wa lugha angekijaza wino mwekundu. Hata hivyo, mwaka 1990 Johannes Fabian aliitoa katika kitabu pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na mpaka leo wasomi wanaisoma. Kama wale wazee wangengoja mtu wa shule awaandikie, tungejua nini juu ya maisha yao walivyoyaona wenyewe?

Ndiyo maana nasema: ukimwandikia mwanafunzi, unamnyang'anya sauti kwa bei ya unga. Kesho atakuwa na diploma kama yako, na ataogopa ukurasa mweupe. Mpe swali, umsikilize, umkosoe. Kalamu ibaki mkononi mwake.

Na wewe unayefundisha, siku ile watakapokuletea franka ili uandike, utajibu nini?