Sindano ya mwezi na mikono inayotetemeka

Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, familia ya Rasbura, Lindi, iliyotaka kumpeleka mgonjwa wake Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, ilijua shughuli iliyopo: barabara ya tope hadi Ndundu, pantoni ya kuvuka Rufiji, Dar es Salaam, kisha treni ya Dodoma. Masika yakichachamaa, safari ilikufa.

Dawa za magonjwa ya akili ndizo zilizowezesha wengi kutibiwa nyumbani bila safari hiyo. Paul Charpentier alitengeneza klopromazini Ufaransa mwaka 1950, na mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker wakaanza kuwapa wagonjwa wa Sainte-Anne, Paris. Huku kwetu wazee wa wodini waliiita Largactil. Haloperidoli ikafuata mwaka 1958, kisha Modecate, sindano ya kila baada ya wiki kadhaa. Mwaka 1980 Tanzania ikaanza, Morogoro na Kilimanjaro, majaribio ya kuingiza tiba ya akili katika zahanati.

Dawa hizi huzuia dopamini, kemikali ambayo ubongo huitegemea pia kuongoza misuli. Ndiyo maana mgonjwa aliyetulia huanza kutembea kwa hatua fupi, uso umekauka, kidole gumba kikizunguka juu ya cha shahada kama anayevuta tasbihi. Daktari Mjerumani Hans-Joachim Haase aliwataka wagonjwa wake waandike. Herufi zikianza kusinyaa, kwake dozi ilikuwa imefika. Yaani madhara yakageuzwa kipimo cha tiba! Na wenzake wengi walimwelewa.

Pwani yetu haikosi tafsiri. Shingo ikipinda ghafla na macho yakigeukia juu, siku chache tu baada ya sindano, watu watasema pepo kapanda. Kumbe ni misuli imekaza, na dawa za jamii ya Artane, hasa kwa sindano, huilegeza upesi.

Balaa lenyewe huchelewa. Mwaka 1957 Mjerumani Schönecker aliandika juu ya wagonjwa waliochezesha midomo bila kutaka. Ulimi hutoka na kurudi, taya hutafuna pasipo chakula. Hali hii huweza kuanza baada ya miezi au miaka ya dawa, na wazee ndio hupatwa zaidi. Hapo Artane haisaidii, huweza hata kuzidisha. Kukatisha dawa ghafla nako huweza kuichochea mitikisiko hiyo, na ugonjwa wa akili ukarudi juu yake. Dawa za kwanza zilizoidhinishwa mahsusi kwa tatizo hili, valbenazini na deutetrabenazini, zilipitishwa Marekani mwaka 2017, miaka 60 baada ya Schönecker.